Kuchapisha Si Kufikisha

Katika Kiswahili, neno "kiungo" lina kazi nyingi. Goti ni kiungo na kiwiko ni kiungo. Mdalasini, iliki na pilipili manga ni viungo vya chakula. Siku hizi maandishi ambayo mtu huyabofya ili kufika kwenye ukurasa mwingine wa tovuti nayo huitwa kiungo. Maana zote hizo zimechipuka kwenye kitenzi kimoja, "kuunga". Goti huunga paja na muundi, viungo vya jikoni huunga mchuzi ukapata ladha, na kiungo cha tovuti huunga ukurasa mmoja na mwingine. Mwili wenye mifupa imara lakini usio na viungo hauwezi kutembea. Vivyo hivyo, tovuti yenye kurasa nyingi nzuri lakini isiyo na viungo haiwezi kuitumikia jamii.

Makala haya yanahusu viungo vya ndani, yaani viungo vinavyotoka kwenye ukurasa mmoja wa tovuti kwenda kwenye ukurasa mwingine wa tovuti hiyo hiyo, na faida ya kuvichora ili vionekane kwa macho. Wafanyabiashara wameijua faida hiyo zamani. Huvichora viungo vya tovuti zao ili bidhaa zao zitokee juu katika matokeo ya Google na injini nyingine za utafutaji. Mimi nashika msimamo kwamba jambo hili lisiachwe mikononi mwa wafanyabiashara peke yao, kwa kuwa ni jambo la uraia. Ofisi ya umma iliyoweka taarifa kwenye ukurasa usiofikika imechapisha, lakini haijafikisha. Na njia nyepesi ya kuibaini tofauti hiyo ni kuchukua kalamu na kuchora.

Mtu asidhani kwamba kuchora viungo ni pambo lililobuniwa juzi na wauza matangazo. Wavuti wenyewe ulizaliwa ukiwa mchoro. Mwezi Machi 1989, Tim Berners-Lee, mtaalamu wa kompyuta kutoka Uingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva, aliwaandikia wakuu wake pendekezo. Ukurasa wa kwanza wa pendekezo hilo ulibeba mchoro wa maumbo na mishale, na mishale hiyo ilionyesha kipi kinahusiana na kipi. Tatizo alilokusudia kulitatua lilikuwa la kawaida kabisa. Watu wengi waliofika CERN walikaa kwa muda wa miaka miwili hivi kisha wakaenda zao, na maarifa yao yakapotea. Alieleza jambo ambalo kila mtumishi wa umma anapaswa kulitafakari: mara nyingi taarifa zilikuwa zimeandikwa na kuhifadhiwa, ila hazikuweza kupatikana.

Tutazame tena kauli hiyo. Hakulalamika kwamba watu hawaandiki. Alilalamika kwamba kilichoandikwa hakina njia ya kukifikia. Dawa aliyoipendekeza haikuwa kabati kubwa zaidi la kuhifadhia hati, bali mishale baina ya hati na hati. Zaidi ya miaka 30 imepita tangu wakati huo, na bado tunazo ofisi zinazojivunia ukubwa wa kabati bila kuuliza habari ya mishale.

Mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walichapisha makala ya kitaalamu iliyoeleza injini mpya ya utafutaji waliyoiita Google. Moyo wa injini hiyo ulikuwa kanuni ya PageRank, ambayo huvitazama viungo kama kura. Ukurasa unaouelekeza msomaji kwenye ukurasa mwingine huwa umeupigia kura. Hata hivyo, kura hizo hazilingani. Kura ya ukurasa ambao wenyewe umepigiwa kura nyingi huwa na uzito mkubwa zaidi, na ukurasa wenye viungo 100 huigawa nguvu yake mafungu 100, hata kila mlengwa akapata kidogo.

Page na Brin waliieleza kanuni hiyo kwa mfano wa msafiri asiye na mpango. Msafiri huyu huingia kwenye ukurasa fulani, hubofya kiungo chochote atakachokiona, akafika ukurasa wa pili, akabofya tena, na kuendelea hivyo. Mara kwa mara huchoka, akaacha kufuata viungo na kurukia ukurasa mwingine popote pale. Katika makala yao walipanga uwezekano wa kuendelea kufuata viungo uwe 0.85, maana yake mara 85 kati ya 100. Ukurasa ambao msafiri huyu huufikia mara nyingi ndio wenye cheo cha juu. Ukurasa ambao hakuna kiungo cha kumpeleka, atauona kwa bahati nasibu tu.

Injini za leo hupima mambo mengi kuliko hayo, na hakuna mtu wa nje anayeijua hesabu yao yote. Hata hivyo, msingi haujaondoka. Injini hutuma programu inayotambaa kutoka kiungo hadi kiungo, mfano wa buibui kwenye utando wake, ili kuzigundua kurasa. Penye uzi buibui hupita, na pasipo uzi hana pa kukanyaga. Google yenyewe huwashauri wenye tovuti kwamba kila ukurasa wanaoujali uwe na kiungo kinachoufikia kutoka angalau ukurasa mmoja mwingine wa tovuti yao.

Kuna jambo moja zaidi la kuzingatia kabla ya kufika kwenye mchoro. Viungo vya nje, yaani vile vinavyotoka kwenye tovuti za watu wengine kuja kwako, ni hisani ya jirani. Huwezi kumlazimisha jirani akutaje. Lakini viungo vya ndani ni mamlaka yako mwenyewe. Ni kama vyumba vya nyumba yako, ambamo wewe ndiwe unayeamua mlango ukae wapi. Kwa hiyo, ofisi isiyopanga viungo vyake vya ndani haina wa kumlaumu.

Sasa tuchore. Chukua tovuti ya wilaya moja ambayo nimeibuni kwa ajili ya somo hili. Ina kurasa 40 zisizobadilika, pamoja na habari zinazoongezwa kila wiki. Ukurasa wa mwanzo una menyu yenye maneno matano: Habari, Uongozi, Zabuni, Picha, Mawasiliano. Kila ukurasa uchore kama duara lenye jina lake. Kila kiungo kichore kama mshale unaotoka kwenye ukurasa wenye kiungo na kuishia kwenye ukurasa unaofikiwa. Uweke ukurasa wa mwanzo katikati ya karatasi. Kurasa zinazofikiwa kwa kubofya mara moja zizunguke karibu nao, zinazofikiwa kwa kubofya mara mbili zikae nje kidogo, na kadhalika. Ukimaliza, mambo manne yatajitokeza.

La kwanza ni kitovu. Utaliona duara moja au mawili yaliyochomwa na mishale mingi kupita mengine yote. Katika wilaya yetu ya kubuni, duara hilo ni ukurasa wa Picha. Kila habari inaishia kwa kumwelekeza msomaji kwenye picha za kiongozi akikata utepe, akipanda mti, akipokea wageni. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba picha ni muhimu kuliko bajeti. Lakini mishale imeamua hivyo, na injini ya utafutaji huamini mishale.

La pili ni yatima. Utaliona duara lililokaa pembeni bila mshale hata mmoja unaolifikia. Huo ni ukurasa wa ada za huduma, unaoeleza mwananchi analipa kiasi gani kwa hati gani. Ulikuwamo katika menyu ya zamani. Tovuti ilipopambwa upya, menyu ilibadilishwa na ukurasa huo ukasahauliwa. Haukufutwa. Upo, na mwenye anwani yake kamili ataufungua. Lakini mwananchi asiyeijua anwani hiyo atalipa kiasi atakachoambiwa dirishani.

La tatu ni uchochoro usiotokea. Hili ni duara lenye mshale unaoingia lakini lisilo na mshale unaotoka. Ukurasa wa malalamiko ni wa namna hiyo. Msomaji anaelezwa kwamba ana haki ya kulalamika, kisha maelezo yanakoma. Hakuna kiungo cha fomu, wala cha ofisi inayohusika, wala cha sheria inayompa haki hiyo. Amefika ukutani, naye atarudi alikotoka.

La nne ni kina, yaani idadi ya hatua kutoka mlangoni. Tuseme wilaya hii huchapisha habari tatu kila wiki, na kila ukurasa wa Habari huonyesha vichwa 10, huku chini yake kukiwa na kiungo kimoja tu cha kwenda kwenye ukurasa unaofuata. Tuseme tena kwamba taarifa ya bajeti ilichapishwa kama habari mwanzoni mwa mwaka. Baada ya wiki 52, habari 156 mpya zitakuwa zimekaa juu yake. Bajeti sasa ni habari ya 157, nayo iko kwenye ukurasa wa 16 wa Habari. Mwananchi aliye kwenye ukurasa wa mwanzo atabofya mara 1 kuingia Habari, mara 15 kuuendea ukurasa wa 16, na mara 1 kuifungua taarifa yenyewe. Jumla ni mara 17. Hakuna mtu aliyeificha bajeti. Imezama yenyewe, wiki baada ya wiki, kama jiwe kwenye tope.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tuchore, ilhali ofisi inaweza kuandika orodha ya kurasa zake zote. Jibu ni kwamba orodha huzisawazisha kurasa kwa uongo. Katika orodha ya mistari 40, bajeti ni mstari mmoja na picha za sherehe ni mstari mmoja. Mkuu wa ofisi akiitazama ataridhika kwamba kila kitu kipo. Mchoro haumpi faraja hiyo. Unamwonyesha umbali, na umbali ndio ukweli ambao mwananchi hukutana nao. Kwa jicho moja ataona kipi kiko sebuleni na kipi kimetupwa nyuma ya banda la kuku.

Madhara ya umbali huo hayaishii ndani ya tovuti. Kwa kawaida ukurasa wa mwanzo ndio unaopokea viungo vingi vya nje, na nguvu hiyo hushuka kwa mgawanyo, hatua kwa hatua, kuelekea kurasa za ndani. Ukurasa ulio hatua ya 17 hupata matone. Raia akiandika "bajeti ya wilaya" katika simu yake, huenda asiletewe taarifa rasmi kabisa. Ataletewa ukurasa wa mtu mwingine uliozungumza juu ya bajeti, pengine kwa usahihi, pengine kwa chuki. Tunalalamika kwamba uvumi unaenea kwa kasi. Lakini uvumi una viungo vingi na taarifa rasmi haina hata kimoja. Katika mashindano ya namna hiyo, ukweli umeshindwa kabla ya kuvaa viatu.

Hali hii si ya wilaya ya kubuni tu. Mwaka 2000, Andrei Broder na wenzake walitumia data ya injini ya utafutaji ya AltaVista kuuchunguza wavuti wa siku zile, wenye kurasa zaidi ya milioni 200 na viungo takriban bilioni 1.5. Umbo walilolipata lilifanana na tai ya kipepeo: fundo katikati na bawa kila upande, pamoja na vipande vilivyotengana navyo. Waligundua kwamba ukichagua kurasa mbili bila mpango, ukajaribu kutoka ya kwanza kwenda ya pili kwa kufuata viungo, basi zaidi ya mara 3 kati ya 4 hakuna njia. Tulikuwa tukiambiwa kwamba kila kitu kimeungana na kila kitu. Mchoro ulikataa.

Mfano wa karibu zaidi unatoka Wikipedia, kamusi elezo ambayo wanafunzi wengi huitumia, na ambayo ina toleo la Kiswahili tangu mwaka 2003. Mwaka 2023, watafiti Akhil Arora, Robert West na Martin Gerlach walichunguza matoleo yake ya lugha 319. Walikuta kwamba takriban asilimia 15 ya makala yote, yaani kama milioni 8.8, ni yatima: hakuna makala nyingine katika lugha hiyo inayomwelekeza msomaji kwayo. Si lazima ziwe makala mbovu. Watu walikaa, wakasoma, wakaandika, kisha kazi yao ikabaki gizani. Watafiti hao walionyesha pia kwamba makala yatima ikipatiwa viungo vya kuifikia, wasomaji wake huongezeka. Maneno yake hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni njia.

Wanafunzi wa Kiswahili wafungue ukurasa wowote wa Wikipedia ya Kiswahili na kutafuta maneno "Viungo viungavyo ukurasa huu". Kwanza watajifunza sarufi, kwa kuwa "viungavyo" ni mfano safi wa kirejeshi kinachokaa mwishoni mwa kitenzi, chenye maana sawa na "vinavyounga". Pili watajifunza uraia, kwa kuwa wakibofya maneno hayo wataona ni kurasa zipi zinazoutaja ukurasa waliomo. Ikiwa hakuna, wamempata yatima, na uwezo wa kumlea wanao.

Hapa ndipo linapoingia suala la lugha yetu, nami nalisema nikiwa mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda. Katiba yetu, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Nchini Rwanda, Bunge lilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Maamuzi haya ni mema, nami nayashangilia. Lakini lugha rasmi inayokaa kwenye ukurasa yatima ni rasmi kwa jina tu. Chora tovuti ya lugha mbili au tatu, uyapake maduara rangi kwa kufuata lugha, kisha utazame. Mara nyingi utayakuta maduara ya Kiingereza yamesongamana katikati yakiwa na mishale tele baina yao, na maduara ya Kiswahili yakiwa machache ukingoni. Tena kila duara la Kiswahili hutoa mshale unaomrudisha msomaji kwenye Kiingereza. Kurasa za Kiswahili haziungani zenyewe kwa zenyewe. Msomaji akimaliza moja, hana pa kwenda ila kuihama lugha.

Haki ya kupata habari tunayo kwa maandishi. Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na sheria ya kuitekeleza ilipitishwa mwaka 2005. Rwanda ilipitisha sheria yake mwaka 2013, nazo Kenya na Tanzania mwaka 2016. Sheria za namna hii zilitungwa kumlinda raia dhidi ya afisa anayefunga kabati kwa ufunguo. Sasa kuna kabati lisilo na ufunguo wala mlango, na afisa anaweza kusema bila kupepesa macho kwamba hajafunga kitu. Kwa maoni yangu, wajibu wa kuchapisha usomwe kuwa na wajibu wa kuunganisha ndani yake. Taarifa ya umma isihesabiwe kuwa imetolewa mpaka iwe na njia fupi inayoifikia kutoka ukurasa wa mwanzo, kwa lugha inayosomwa na wanaohusika.

Najua nitapingwa. Wa kwanza kunipinga watakuwa wahenga, waliosema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ikiwa ukurasa ni mzuri, watu watautafuta. Lakini methali hii ilizaliwa sokoni, mahali ambapo bidhaa zote zimepangwa mbele ya macho. Embe bivu hujiuza likiwa juu ya meza. Likifungiwa ghalani litaoza likiwa zuri vilevile. Wahenga hawakusema kwamba kizuri chajiuza gizani.

Wengine watasema kwamba tovuti huweza kuiwasilishia injini ya utafutaji orodha ya anwani zake zote, hivyo kwamba hakuna ukurasa utakaopotea. Ni kweli kwamba orodha hiyo ipo na inasaidia. Lakini humwambia buibui kwamba ukurasa upo, bila kumwambia kwamba una thamani. Ofisi inayoutaja ukurasa katika orodha ya siri ya mashine, na isiutaje popote katika maandishi yake yenyewe, imejitolea ushahidi kwamba haiujali. Zaidi ya hayo, mwananchi haisomi orodha ile.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi, nalo nalikubali kwa sehemu. Mtu akishaambiwa kwamba viungo ni kura, huenda akaanza kuviiba. Ataweka viungo 50 katika kila ukurasa, kila neno la tatu likiwa na rangi ya buluu, hadi msomaji asijue akanyage wapi. Huo ni ugonjwa mwingine. Mchuzi usio na viungo hauliki, na mchuzi uliomwagiwa kopo zima la bizari hauliki pia. Lakini dawa yake ni mchoro uleule. Mishale ikitapakaa kama nyuzi zilizochezewa na paka, jicho litaona mara moja kwamba hakuna njia iliyo kuu wala ndogo. Na hakuna kiungo kitakachouokoa ukurasa wenye maneno matupu. Msomaji ataufikia haraka, na ataondoka haraka.

Basi kifanyike nini? Kwa tovuti ndogo, ya shule au ya chama cha wanafunzi, karatasi na penseli zinatosha. Kwa tovuti kubwa zipo programu zinazotambaa kwenye tovuti, zikakusanya viungo vyote na kuvichora. Mojawapo ya programu za kuchorea mitandao ya namna hii ni Gephi, ambayo hutolewa bure na ambayo ilianzia mikononi mwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Ufaransa. Mchoro ukishapatikana, kazi inayofuata ni ya akili zaidi kuliko ya mashine. Orodhesha kwanza kurasa tano ambazo raia anazihitaji kuliko zote. Hesabu kila moja iko hatua ngapi kutoka mlangoni. Iliyo mbali, isogeze kwa kuitaja kwenye ukurasa wa mwanzo au kwenye kurasa zinazosomwa sana. Yatima, mtafutie ndugu watatu au wanne wa mada yake. Uchochoro, ufungulie mlango wa kutokea. Kisha rudia mchoro baada ya miezi michache, kwa sababu habari mpya haziachi kuzisukuma za zamani chini.

Chunga pia maneno yanayobeba kiungo. Injini ya utafutaji huyasoma maneno hayo ili kujua ukurasa wa mbele unahusu nini, na msomaji hufanya hivyo hivyo. Kiungo kilichoandikwa "bofya hapa" hakimwambii yeyote kitu. Kiungo kilichoandikwa "ada za hati ya kuzaliwa" kinatosha kumjulisha mtu kama amefika anakokwenda. Na hapa wanafunzi wa Kiswahili mna kazi ambayo mashine haiwezi kuwafanyia vema: kujua mwananchi wa kawaida hulitaja jambo kwa neno gani. Ofisi itaandika "tozo", mwananchi atatafuta "ushuru". Ofisi itaandika "manunuzi ya umma", mwananchi atatafuta "zabuni" au "tenda". Mwenye kuijua lugha ya ofisi na lugha ya sokoni ndiye anayefaa kuitwa wakati wa kuandika kiungo.

Natoa zoezi kwa madarasa yote yanayosoma ukurasa huu. Gawanyikeni makundi, kila kundi lichague tovuti moja ya taasisi ya umma inayowahusu, lichore kurasa zake 30 za kwanza, na lipake rangi ya Kiswahili. Kisha liandike barua rasmi ya aya tatu, yenye anwani, mada na saini, kuieleza taasisi hiyo kile ambacho mchoro umeonyesha. Barua iwe ya heshima. Isishutumu, ieleze. Mtakuwa mmejifunza uandishi wa barua, msamiati wa teknolojia na wajibu wa raia kwa mpigo mmoja.

Na siku ofisi yoyote itakapojitetea kwa kusema, "Taarifa hiyo ipo kwenye tovuti yetu," msibishane nayo. Huenda inasema kweli. Ulizeni tu, kwa adabu: ipo hatua ngapi kutoka mlangoni?